Bili ya gesi imekushinda na baridi imeingia: jibu kwa aliye Iowa

Ndugu uliyeuliza kama kampuni inaweza kukukatia gesi Desemba hii ukiwa na watoto ndani: inaweza, kama hujapitishwa LIHEAP. Huo ni msaada wa serikali kuu ya Marekani wa bili za kupasha nyumba joto. Ukishapitishwa, kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 1 hawaruhusiwi kukukatia gesi wala umeme. Hapa Iowa wingi wa watoto haukukingi, karatasi ndiyo inayokukinga.

Kwa hiyo notisi ya kukatiwa ikija, usiitie kabatini. Tafuta ofisi ya misaada inayohudumia kaunti yako, uombe LIHEAP. Mimi waliniomba kadi za Social Security za wote wa nyumbani, uthibitisho wa kipato, na bili ya gesi pamoja na ya umeme. Wengi huenda na ya gesi peke yake wakarudishwa. Ukihitaji mkalimani, omba. Usimkalishe mtoto wa darasa la nne atafsiri madeni ya baba yake, jamani. Na kama una mzee wa miaka 60 au zaidi, au mlemavu, nyumbani, mwakani usingoje Novemba: nyie hupokelewa tangu Oktoba 1.

Sasa, Aprili ndiyo inayotuumiza. Watu wakisikia "hawakati" wanaacha kulipa kabisa, kumbe deni halifutwi, linapanda tu. Jirani yangu alikuwa na msiba Uvira, Kongo, hela yote ikaenda huko. Theluji ilipoyeyuka, notisi ikaja na deni la majira yote ya baridi kwa mkupuo. Lipa chochote kila mwezi, hata dola 30, kisha kabla ya Aprili omba mkataba wa malipo. Mhudumu wa kampuni yetu alinitaka nusu ya deni papo hapo. Nikaomba niongee na msimamizi wake, nikamwambia kanuni za Iowa zinanipa angalau miezi 12. Akanipa.

Hata asiye na LIHEAP hakatiwi siku ambayo utabiri unasema nyuzi 20 za Fahrenheit au chini yake. Mgonjwa akiwa ndani, barua ya daktari huahirisha kukatwa kwa siku 30. Maji hayamo kwenye ulinzi huu. Gesi ya propani ya tangi nayo haimo: usipomlipa muuzaji, lori halifiki.