Foleni ya Goba na njia zisizotokea

Ndugu uliyeuliza, swali lako ni kwa nini mkazi wa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, anaweza kuiona kwa macho nyumba ya shemeji yake upande wa pili wa bonde, lakini akitaka kumtembelea inambidi atoke hadi barabara ya lami, aingie kwenye foleni, kisha ashuke tena kwa njia nyingine hadi karibu na pale pale alipoanzia. Umeuliza pia iwapo kupanua barabara kuu kutaondoa kero hiyo. Niliishi Sinza, karibu zaidi na katikati ya jiji, kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Goba, na huku nimekuwa mjumbe wa kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani ya kupima na kutambua kisheria makazi yaliyojengwa bila mpango. Kwa niliyoyaona katika pande zote mbili, kupanua barabara kuu kutasaidia kidogo tu, kwa sababu chanzo cha tatizo ni namna mashamba yalivyokatwa.

Huku kwetu mwenye shamba la mikorosho au mihogo hakuuza shamba zima kwa mara moja. Alikata vipande vya miguu (yaani hatua) ishirini kwa ishirini, akianzia karibu na barabara ya vumbi na kuingia ndani kadiri alivyohitaji fedha. Aliacha njia ya gari katikati, kwa kuwa kiwanja kisichofikika kwa gari hakina bei. Alipofika kwenye mpaka wa jirani yake hakuwa na sababu ya kuiendeleza ile njia: kipande cha mwisho nacho kilikuwa na mnunuzi, na mnunuzi huyo alijenga ukuta kukatisha njia yote. Jirani naye, akianzia barabara nyingine, alifanya hivyo hivyo. Leo njia hizo mbili zinapeana mgongo, zikitenganishwa na kuta mbili na mtaro wa maji, na watoto wa upande mmoja huzunguka mwendo mrefu kwenda shule iliyo upande wa pili. Mipaka ya mashamba ya wazee ndiyo iliyogeuka kuwa mipaka ya safari zetu.

Sinza ilianza kwa mpangilio wa kinyume. Ilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na barabara zilichorwa kwanza, kisha viwanja, vingi vikiwa vidogo, vikapangwa kuzifuata. Sinza ina kero zake, hasa maji ya mvua na magari yanayoegeshwa hovyo mbele ya baa, lakini Barabara ya Shekilango inapokwama dereva wa bajaji ana mitaa ya ndani ya kupitia. Nyumba za familia zimegeuka maduka na nyumba za wageni bila mtu yeyote kuhitaji kuisogeza barabara. Kariakoo ni hivyo hivyo: nyumba za Kiswahili zimebomolewa na maghorofa yamepanda, lakini mitaa iliyonyooshwa tangu enzi za ukoloni bado inakutana kila baada ya hatua chache.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi (UN-Habitat) hupendekeza walau kilomita 18 za barabara katika kila kilomita moja ya mraba ya mji, na walau asilimia 30 ya ardhi iwe barabara. Mitaa ikipishana kila baada ya mita 100 kwa pande zote mbili utapata takriban kilomita 20, kwa hiyo si jambo la ajabu. Hata hivyo, mimi siridhiki na hesabu ya urefu peke yake. Tulipoketi na wapimaji kuangalia rasimu ya mchoro wa mtaa wetu, njia zilionekana nyingi karatasini, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya njia zisizotokea popote, na njia isiyotokea humhudumia aliyejenga ndani yake tu.

Sasa tazama jiji zima. Sensa ya 2002 iliwakuta wakazi wa Dar es Salaam wakiwa takriban milioni 2.5, na ile ya 2022 ikawakuta wamepita milioni 5.3. Ongezeko hilo lilifuata barabara nne za kutoka mjini, yaani Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, kisha likajaza nafasi zilizokuwa kati ya barabara hizo. Kwa kuwa njia za ndani hazikutani, hata safari ya kwenda kununua mkate huingia kwenye barabara hizo au kwenye zile chache zinazoziunganisha. Lami ya kutoka Tangi Bovu hadi Goba, na ile ya kupitia Madale hadi Wazo, zimetufaa sana, nami nazitumia. Lakini kila lami mpya huvuta madalali, na punde si punde mashamba yaliyo mbele yake, kuelekea Mabwepande na Mpiji, yanakatwa kwa mtindo ule ule. Ukiipanua barabara bila kugusa mtindo huo, umeongeza shina la kubeba matawi mengine yasiyoshikana.

Watu husahau mtembea kwa miguu. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kuna wakazi wa Kimara ambao kituo kiko karibu nao kwa mstari ulionyooka, lakini hulipa bodaboda kila asubuhi kwa sababu kichochoro walichokuwa wakikitumia kimefungwa. Kichochoro cha mita mbili hakigharimu lami, na pengine kinaokoa safari nyingi zaidi kuliko njia moja ya ziada ya magari.

Katika kamati yetu tulijaribu kuunganisha baadhi ya njia hizo zilizopeana mgongo. Serikali inapotwaa ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na hapo ndipo barabara inayochelewa inapokuwa ghali, kwa sababu unalipia nyumba na ukuta pamoja na ardhi. Katika urasimishaji wetu hapakuwa na fungu la fidia. Ilibidi watu wakubali wenyewe kurudisha kuta nyuma. Penye kiwanja kilichokuwa bado kitupu tulifanikiwa: majirani walichanga, wakanunua ukanda wa pembeni, na leo bodaboda na watembea kwa miguu wanapita. Penye msingi wa nyumba tulishindwa, na sioni kama mwenye nyumba alikuwa na kosa lolote.

Upinzani mkubwa haukuhusu fedha. Wengi walisema kuwa njia ikitokea italeta wezi. Hofu hiyo naielewa, ila kwetu wizi ulikuwepo njia zikiwa zimefungwa, na ilipotokea dharura ya moto gari la zimamoto lilishindwa kugeuza. Kilichoongezeka baada ya kufungua ni mwendo wa bodaboda usiku, tukaweka matuta.

Kwa hiyo, kama unakusudia kununua huko pembezoni, usiridhike na dalali anayekuonyesha kuwa gari linafika. Tembea hadi mwisho wa njia, ulizia shamba la upande wa pili ni la nani na kama limeanza kukatwa, kisha uombe halmashauri ikuonyeshe mchoro wa mipango miji uliopitishwa, kama upo. Mkiwa wanunuzi kadhaa wa shamba moja, mshawishini muuzaji aandike katika mkataba, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwamba njia inaendelea hadi mpakani, na upana wake utajwe kwa mita. Mita nane zinatosha magari mawili makubwa kupishana. Ikiwa mpaka wenyewe ni bonde, maandishi hayo yana kazi zaidi: tulipoomba kalavati, swali la kwanza la wahandisi lilikuwa kama njia za pande zote mbili zinatambulika kuwa barabara, na ya upande wetu tu ndiyo ilikuwa na karatasi.