Muulize Fundi: Skripti ya karani, skripti ya mwanafunzi

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza kuhusu skripti, yaani programu fupi ya mistari michache ambayo mtu huiandika ili kompyuta imfanyie kazi ya kujirudia. Kuna wanaotaka kuitumia, na kuna walioogopeshwa nayo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni karani wa SACCO ya wakulima wa kahawa hapa Kasese. Kila mwisho wa mwezi naandika SMS kwa mkono, mwanachama mmoja mmoja, kuwakumbusha marejesho ya mikopo. Kazi hiyo inanila siku mbili nzima. Mpwa wangu anayesomea kompyuta Mbarara anasema skripti ndogo ingeimaliza kwa dakika chache. Meneja amekataa katakata. Anasema skripti ni mambo ya wadukuzi, tutaibiwa pesa za wakulima. Nani mkweli?
*Karani, Kasese*

JIBU: Mpwa wako ni mkweli, ndugu karani. Lakini meneja naye hofu yake ina msingi, nitaifikia.

Skripti unayoihitaji haifiki mistari hamsini. Inafungua orodha ya wanachama, inalinganisha tarehe ya marejesho na tarehe ya leo, inatunga ujumbe wenye jina na kiasi, kisha inaukabidhi kwa kampuni ya kutuma SMS kwa wingi, kama vile Africa's Talking ambayo inafanya kazi Uganda. Mpwa wako aiandike kwa Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Ni ya bure, na hata wewe utaweza kuisoma akikukalisha chini jioni moja.

Kutuma ujumbe ndiyo sehemu rahisi. Jasho liko kwenye orodha yenyewe. Fungua Excel yenu uangalie safu ya namba za simu. Nina hakika utakuta namba nyingine zinaanza na 07, nyingine na 256, nyingine na +256, nyingine zina nafasi katikati, na nyingine zinaanza na 7 tu. Hizi za mwisho hakuna aliyezikosea. Excel ikiona 0772 na kuendelea inadhani ni hesabu, inaifuta sifuri ya mbele. Kwa jicho la binadamu si kitu, unajua ni simu ya nani. Kompyuta haijui. Kwa hiyo kabla ya lolote skripti inaondoa nafasi na alama ya kujumlisha, kisha inafuata kanuni: namba yenye tarakimu tisa inayoanza na 7, itangulizie 256. Yenye tarakimu kumi inayoanza na 07, toa sifuri, weka 256. Yenye tarakimu kumi na mbili inayoanza na 256, iache. Nyingine yoyote usiitumie chochote, iandike pembeni ili karani aiangalie. Mstari huo wa mwisho usikubali uachwe. Skripti inayobahatisha namba itampelekea jirani deni la jirani yake, na katika kijiji hilo ni jambo zito.

Hakikisheni tarehe pia. 03/04 kwako ni tarehe tatu Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani itasoma tarehe nne Machi. Mzee aliyelipa kwa wakati ataambiwa amechelewa.

Sasa nirudi kwa meneja. Ana haki ya kuuliza skripti hii inagusa nini, na jibu liwe hili: inasoma nakala ya orodha, basi. Isiwe na njia yoyote ya kufika kwenye mfumo wa pesa. Ufunguo wa akaunti ya SMS, yaani neno la siri linaloiruhusu skripti kutuma, usiandikwe ndani ya skripti, wala usitumwe kwa WhatsApp, maana atakayeupata atatuma ujumbe wa ulaghai kwa jina la SACCO yenu, na wakulima watauamini. Orodha isibaki kwenye flashi ya mpwa. Majina, namba na madeni ya watu yanalindwa na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na SACCO ndiyo itakayoulizwa yakivuja.

Mara ya kwanza skripti ioneshe ujumbe kwenye skrini tu bila kutuma. Mara ya pili itume kwako na kwa meneja. Na iwe inaandika kila namba iliyokwisha kutumiwa, ili umeme ukikatika katikati isianze upya na kuwasumbua watu mara mbili. Mwonyeshe meneja hayo yote kwa macho yake. Mtu anayelinda pesa za wakulima anastahili kuona kabla ya kukubali.

SWALI: Fundi, mimi ni mama, naishi Bombo. Mwanangu yuko S5. Shule yao huweka matokeo ya muhula kwenye tovuti, mwanafunzi anaingiza namba yake na kuona maksi zake. Mwanangu aliandika skripti ikajaribu namba zote, moja baada ya nyingine, akapata maksi za darasa zima. Usiku huohuo tovuti ikakwama. Shule imemsimamisha masomo, na mwalimu mmoja ametishia kumpeleka polisi. Mtoto analia, anasema hakuvunja kitu, alitaka tu kuona kama inawezekana. Nifanye nini?
*Mama mwenye wasiwasi, Bombo*

JIBU: Pole sana, mama. Nitakueleza kama ningemweleza dada yangu.

Mwanao anasema kweli kwamba hakuvunja nywila ya mtu. Lakini alichofanya ni sawa na kupita bwenini usiku akijaribu kitasa cha kila kabati, na kila lililofunguka akasoma yaliyomo. Maksi zake ni zake. Za wenzake hakuruhusiwa kuziona, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kuingia kwenye data bila idhini, iwe kwa skripti ya mistari kumi au kwa mtambo wa mamilioni. Hilo alijue vizuri, na alisikie kutoka kwako.

Kuhusu tovuti kukwama, naamini hakukusudia. Binadamu akibofya, anapumzika, anasoma, anabofya tena. Skripti haipumziki isipoambiwa. Inaomba kurasa mfululizo, na seva ndogo ya kukodi, yaani kompyuta inayobeba tovuti, inazidiwa. Mstari mmoja wa kuiambia isubiri sekunde mbili tatu kati ya ombi na ombi ungebadilisha mambo.

Jambo hili lina historia. Tarehe 2 Novemba 1988 kijana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Robert Tappan Morris, aliachilia kwenye intaneti programu ndogo ya kujisambaza yenyewe. Programu ilikuwa ikiuliza kila kompyuta: je, nimeshafika hapa? Ikijibiwa ndiyo, ingepaswa kuondoka. Lakini Morris alihofia kwamba wenye kompyuta wangeidanganya kwa jibu hilo, akaiagiza mara moja katika kila mara saba ijinakili hata ikiambiwa tayari ipo. Hesabu hiyo moja ilitosha. Nakala zilirundikana juu ya nakala mpaka maelfu ya kompyuta yakalemewa, katika intaneti iliyokuwa bado changa kabisa. Mahakama ilimtia hatiani, akapewa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya zaidi ya dola 10,000. Baadaye alikuja kuwa profesa wa MIT, chuo kinachoheshimiwa dunia nzima. Nakuambia hilo ili usidhani maisha ya mwanao yamekwisha.

Shule nayo ina sehemu yake. Kuweka matokeo ya watoto nyuma ya namba inayojulikana na inayofuatana si kuyalinda. Aliye na 041 anajua kuna 042. Ilipaswa kila mwanafunzi apewe na neno lake la siri, na tovuti imzuie anayeomba kurasa mamia kwa mfululizo. Mwizi wa kweli asingejulikana, angekaa kimya akichukua kila muhula.

Fanya hivi. Kwanza, mtoto asimtumie mtu yeyote zile maksi, hata rafiki mmoja, hata kwa kujitetea. Asifute kitu kwa siri pia. Faili zifutwe mbele ya uongozi, wenyewe wakishuhudia. Pili, aandike ukurasa mmoja: alifanya nini, siku gani, saa ngapi, tundu liko wapi na linazibwaje. Aandike kwa heshima, aombe radhi kwa wenzake ambao maksi zao amezisoma. Tatu, usimtume peke yake. Nenda naye, na kama yupo mjomba au baba mwenye busara, aje. Ikifika polisi, mtafutie wakili kabla hajaandikisha maelezo au kukabidhi simu, na kama hajafikisha miaka 18 dai haki ya kuwepo anapohojiwa.

Na kama mwalimu mkuu wake anasoma gazeti hili, namsihi: mpe adhabu inayostahili kosa, kisha mpe kazi. Mtoto anayeweza kuandika hiyo skripti akiwa S5 anaweza kuwapangia ratiba ya masomo, au kuwakagulia orodha ya karo. Ukimfukuza, kuna watu huko mtandaoni watakaompa kazi, na kazi yao hutaipenda.

SWALI: Nauza vipuri vya pikipiki hapa Busia. Nimepata barua pepe kutoka kwa mtu nisiyemjua, yenye kiambatisho kiitwacho "Invoice_Malaba.pdf". Mtoto wa duka amekifungua kwenye kompyuta yake akaona jina limeongezeka mwishoni: ".pdf.js". Hatujakibofya. Ni nini?
*Mfanyabiashara, Busia*

JIBU: Ni skripti iliyovaa jina la hati, na mmeokoka kwa sababu kompyuta ya kijana wako inaonyesha majina kamili ya mafaili. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho. Wewe kwako ungeona .pdf peke yake, ungebofya, na skripti ingeanza kazi papo hapo.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwezi Mei mwaka 2000 skripti iliyotokea Ufilipino ilizunguka dunia ikiwa kiambatisho kiitwacho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT tu, wakadhani ni barua ya mapenzi. Ukiibofya inajituma kwa kila anwani iliyo kwenye Outlook yako, programu ya barua pepe, na kuharibu mafaili yako, zikiwemo picha. Ilifika kwenye mamilioni ya kompyuta, na aliyeiandika hakuhukumiwa, kwa kuwa wakati huo Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki.

Kwenye kompyuta ya duka, fungua dirisha la mafaili, ingia View, weka alama kwenye File name extensions. Tangu hapo jina lolote linaloishia na .js, .vbs, .bat, .ps1 au .exe lililokuja kwa barua pepe, lifute. Na hati ya Word au Excel ikikuomba ubonyeze Enable Content ndipo usome, usibonyeze. Tangu mwaka 2022 Microsoft imeanza kuzuia yenyewe makro, yaani skripti zilizo ndani ya hati, za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, lakini madukani bado kuna Office nyingi za zamani zisizo na kinga hiyo.

SWALI: Fundi nisaidie skripti ya kupata PIN ya pesa za simu. Simu ni ya mke wangu, si ya mtu baki.
*Kijana, Kampala*

JIBU: Sitakusaidia. Pesa ni zake na PIN ni yake.

Nieleze tu kwa faida ya wengine. PIN ya tarakimu nne ina namna 10,000. Skripti inayojaribu kumi kwa sekunde ingezimaliza kwa dakika zisizofika 17, kama mfumo ungeiruhusu. Hauruhusu, kwa sababu ukikosea mara chache tu akaunti inafungwa. Ndiyo maana wanaokuuzia "skripti ya PIN" kwenye Telegram wanauza kitu kisichofanya kazi waliyoitaja. Ukiiweka, simu itakayokombwa ni yako. Ongea na mkeo.

SWALI: Nina miaka 19, niko Arua, nimemaliza S6 na nina simu tu, sina kompyuta. Baba ana boda tatu na madereva wanamletea hesabu kila jioni, anaandika kwenye daftari. Natamani kujifunza skripti. Nianzie wapi?
*Binti, Arua*

JIBU: Anzia kwenye daftari la baba, binti yangu. Simu ya Android inatosha. Weka programu iitwayo Termux, kisha ndani yake weka Python. Kuiweka kunahitaji bando, baada ya hapo unaweza kufanya kazi bila intaneti.

Fungua faili ya maandishi matupu. Kila mstari uwe na vitu vitatu: tarehe, jina la boda, kiasi, vikitengwa kwa koma. Skripti ya kwanza isome mistari yote na kujumlisha kiasi cha kila boda. Hiyo ni mistari kama kumi. Ikikubali, ifundishe kutaja siku ambazo boda fulani haina maandishi. Hapo ndipo baba atakaposogea kuangalia, maana kwenye daftari siku iliyorukwa haionekani.

Tumia faili ya nakala, daftari liendelee kama kawaida mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane mwezi mzima. Mistari utakayokuta mtandaoni isome mmoja mmoja, na usiyoielewa usiiendeshe. Ukikwama niandikie. Weka skripti nzima pamoja na ujumbe wa kosa wote kama ulivyotokea, usiufupishe, kwa sababu mara nyingi mstari wake wa mwisho ndio unaotaja kilichoharibika.