Moto wa gesi na mistari ya mbao
Uliyeuliza kama moto wa gesi unaweza kukoleza mistari ya mbao bila kupaka rangi: unaweza, na kwenye msonobari hupendeza mno. Sehemu laini za pete za ukuaji huungua haraka kuliko zile ngumu, ndiyo maana mistari hujitokeza. Mbao iwe kavu kabisa. Pitisha moto bila kutulia mahali pamoja, kisha sugua kwa brashi ya waya kufuata mistari, usiikatize kamwe. Futa vumbi, paka mafuta ya mbegu za kitani. Tafadhali, matambara yenye mafuta hayo yaanike nje yakiwa yamekunjuliwa. Yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe. Mbao ngumu zenye nyuzi zilizobanana hazibadiliki sana, hizo ningeziacha.