Mtamba wangu kanywa dizeli, nimpe maziwa?

SWALI: Dokta shikamoo. Juzi lori la mafuta lilipinduka huku kwetu, dizeli ikamwagikia kwenye dimbwi wanaponywa ng'ombe. Mtamba wangu kanywa kabla sijamuwahi, sasa kinyesi kinanuka dizeli na kinang'aa juu, anakohoa na hajacheua tangu jana. Jirani anasema nimnyweshe maziwa au mafuta ya kula kwa chupa. Na akizidiwa tunaweza kumchinja tukala? Mfugaji, Chalinze.

JIBU: Marahaba, pole sana ndugu yangu. Hiyo chupa iweke chini, usimnyweshe chochote, mwite daktari wa mifugo leo hii hii. Hicho kikohozi ndo kinanitisha kuliko kinyesi. Dizeli ni nyepesi, ng'ombe akibeua au akicheua inapanda nayo mpaka kooni, kidogo tu ikipotea ikaingia njia ya hewa inasambaa kwenye mapafu na kuyaunguza, hapo nimonia inaanza na inaweza kumuua siku kadhaa baadaye wakati wewe ushaona kapona. Sasa ukimnyanyua kichwa na kumsukumia maziwa mdomoni yanaenda huko huko.

Na mafuta ya aina hii hayaumizi mapafu tu. Mafuta ghafi, yaani yale ambayo hayajasafishwa kuwa dizeli, ni mazito kwa hiyo hayakimbilii mapafuni kama dizeli, ila yana sumu pia. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta ghafi kule Alaska, fisi maji wakawa wanavuta ule mvuke na kuyameza wakijilamba manyoya wajisafishe. Madaktari walipowapasua wakakuta tumbo lina vidonda vinavyovuja damu, ini seli zake zimekufa, mafuta ya mwili, siyo yale ya meli, yamejaa kwenye ini na figo, na mapafu hewa imepenya mpaka kwenye nyama yake. Ini na figo ndo vinavyosafisha sumu mwilini, kwa hiyo ndo vinaumia.

Kumchinja ule, hapana, tafadhali. Najua inauma, mtamba ni pesa, lakini nyama hiyo isiliwe bila mkaguzi wa nyama, na kama kuna ng'ombe wa maziwa alikunywa pale maziwa yamwage mpaka daktari aseme.

Dimbwi lizungushie miiba leo, uwape maji safi na chumvi ya mifugo, maana ng'ombe mwenye kiu au aliyekosa chumvi anakunywa mafuta bila kusita. Na wale wengine waliokunywa pamoja naye hata kama wanakula vizuri, daktari awasikilize mapafu wote.