Begi langu litafika lenyewe au nilifuate Dubai?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nina duka la nguo hapa Nyakato, Mwanza, mwezi ujao naenda Guangzhou kufunga mzigo kwa mara ya kwanza. Nimekata tiketi mbili tofauti maana ilikuwa nafuu, ya kwanza Dar mpaka Dubai, ya pili shirika jingine Dubai mpaka Guangzhou, na kurudi ni hivyohivyo. Dubai nakaa masaa 14. Ajenti kaniambia begi litahamishwa tu nisijali, ila shoga angu anasema litabaki. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shoga ako yuko karibu na ukweli kuliko ajenti. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linakuona kama abiria wake mpya, na begi linahamishwa tu kama hayo mashirika mawili yana makubaliano ya kupokezana mizigo na mhudumu wa Dar akakubali kuliandika mpaka mwisho. Sasa usibishane na mtu, soma ile tagi wanayofunga kwenye mkono wa begi. Ikiandikwa CAN, ndo Guangzhou, haya kalale. Ikiandikwa DXB, begi linashukia Dubai na linakusubiri kwenye mkanda, ndani ya nchi ya watu.

Hapo ndo mimi niliumia. Mwaka mmoja nilikaa transiti usiku mzima nimejifunga khanga, naamini begi liko njiani, kumbe upande wa pili wa ukuta linazunguka peke yake, na kulifuata nilitakiwa kupita uhamiaji na viza sina. Nilifika niendako na nguo nilizovaa. Na sisi wa pasipoti ya Tanzania kutoka nje ya eapoti Dubai ni viza, kwa hiyo hilo ulimalize ukiwa Mwanza, sio ukiwa kwenye foleni.

Ila subiri, wewe unaenda kununua, unabeba nini cha kujaza begi kubwa? Nenda na kibegi cha mkononi tu, shirika nyingi wanaruhusu kilo 7, nguo mbili tatu, power bank humohumo maana hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini, na ule mfuko mkubwa uukunje ndani. Kwenda kote hauna presha na mkanda wowote.

Shida yako ni kurudi, ukiwa na mabegi mawili yamejaa magauni. Pale Guangzhou uliza kaunta kabla hawajafunga tagi, kama itaishia DXB basi ile viza ndo inakuokoa, utatoka na mabegi yako, na kwa kuwa kaunta ya shirika la pili haifunguliwi mpaka masaa machache kabla ya ndege, yapeleke sehemu ya kutunzia mizigo palepale eapoti, unalipia, upumzike.

Ukifika Dar usikae ukidhani yatajileta Mwanza. Yachukue, pita forodha, risiti za mzigo ziwe mkononi, ndo uchekini upya. Terminal 3 na Terminal 2 ya ndege za ndani ni majengo mawili tofauti, na kilo za ndani mara nyingi ni chache, piga simu mapema uulize bei ya kilo za ziada, kuna wenzako wanaona bora wapakie basi la Mwanza.

Picha ya kila tagi piga, na kile kistika chenye namba ya begi wanachokupa kaunta usikitupe mpaka uwe dukani.