Jini na pasheni nyumbani: onja tunda kabla hujashika chupa

Dada, umesema wageni wanane wanakuja kwako South B Jumamosi, una chupa moja ya jini ya mililita 750, na jaribio lako la kwanza la kokteli ya pasheni lilitoka tamu ya kukwaruza koo, kisha kukabaki ukali kama wa dawa ya kusukutua. Ulitumia juisi ya boksi na soda ya limau. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nami nilianzia hapo hapo. Ninayoyajua niliyapata kwa shemeji yangu, aliyesimama kaunta ya hoteli moja mjini kwa miaka mingi, na kwa matunda niliyoyaharibu mwenyewe jikoni.

Kosa halikuwa jini. Juisi ya boksi imeshatiwa sukari, na soda ya limau ina sukari yake. Ukivichanganya, hakuna uchachu wa kutosha kukabili utamu wote huo. Na kwa kuwa hukuitikisa na barafu, pombe ilibaki peke yake, ikakuchoma. Kokteli ya matunda husimama juu ya mambo manne: ukali wa pombe, uchachu, utamu, na maji yanayotoka kwenye barafu. Likikosekana moja, yale mengine yanagombana mdomoni.

Shemeji alinifundisha jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko vipimo vyote nitakavyokupa: onja tunda kabla hujashika chupa. Pasheni ya leo si ya wiki jana. Moja itakufinya uso, ya pili itakuwa kama imetiwa asali, na zote mbili umezitoa kwenye karai moja kwa mama wa matunda. Wenye baa huweza kufuata karatasi kwa sababu wanajitahidi wapate juisi ya ladha ileile kila siku. Sisi wa nyumbani tunaletewa tunda, na tunda ndilo linaloamua ndimu iwe kiasi gani na sukari iwe kiasi gani.

Nunua pasheni za zambarau, zile ambazo wengi sokoni tunaziita matunda tu. Usivutiwe na zinazong'aa. Tafuta iliyojikunja ngozi kidogo lakini bado ni nzito mkononi. Mikunjo ni dalili kwamba imeiva na uchachu umepungua, na uzito ni dalili kwamba ndani kumejaa. Iliyokunjamana ikawa nyepesi imeshakauka, irudishe. Mimi hupenda kwenda soko la City Park au Marikiti asubuhi, ila hata kibanda cha karibu na nyumbani kinafaa mradi unaruhusiwa kuchagua kwa mkono wako. Kwa wageni wanane, pamoja na wale watakaotaka glasi ya pili, chukua kilo mbili. Ongeza ndimu kumi na tano hivi, zile ndogo za kijani. Limau la njano linafaa pia, lakini ndimu ina harufu kali zaidi na inapatana vizuri na jini.

Katika kukamua ndipo nilipokosea vibaya, siku tulipokuwa tunamwandalia dada yangu sherehe ya kuzaliwa kule Umoja. Nilimimina nyama yote ya pasheni kwenye blenda nikaiacha izunguke dakika nzima. Mbegu zikasagika, juisi ikawa ya kijivu yenye vumbi jeusi, na uchungu wake haukuondoka hata nilipozidisha sukari. Tangu siku hiyo nakata tunda katikati, nakwangua nyama yake kwa kijiko juu ya chujio la chai, kisha nasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki mbegu peke yake. Kwa kilo mbili kazi hiyo inachosha, ninakubali. Ukitaka kutumia blenda, tia maji kidogo sana, bonyeza na kuachia mara tatu tu, halafu chuja. Nyama itaachana na mbegu bila mbegu kuvunjika. Weka kando vijiko viwili vya nyama na mbegu zake nzima kwa ajili ya kupambia glasi.

Sasa shira. Wengi huruka hatua hii wakatia sukari kavu moja kwa moja, na sukari kavu haiyeyuki sawasawa kwenye kinywaji baridi chenye pombe. Utaikuta imelala chini ya glasi. Chukua glasi moja ya sukari nyeupe na glasi moja ya maji ya moto, koroga mpaka iwe angavu, acha ipoe. Usiipike ikawa nzito kama ya kaimati, hiyo haitachanganyika vizuri. Ukiitia kwenye chupa safi ikakaa kwenye friji, utaitumia wiki mbili bila wasiwasi. Kuna watakaokuambia utumie asali. Asali na ndimu ndiyo roho ya dawa, kokteli iliyojipatia sifa pale Carnivore, Lang'ata, lakini ile hutengenezwa kwa vodka, ambayo haina harufu kubwa ya kushindana nayo. Ukiweka asali, pasheni na jini pamoja, harufu tatu zinasukumana mlangoni. Kwa hiyo asali naiachia nanasi.

Kama huna toti ya kupimia, tumia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kina alama za mililita ubavuni. Kijiko cha mezani ni mililita 15 na cha chai ni 5. Usimimine jini kwa kukisia.

Kwa glasi moja mimi hutumia jini mililita 50, maji ya pasheni 30, ndimu 15, shira 25, na punje chache za chumvi. Usiogope chumvi. Ikiwa kidogo hivyo hutaihisi yenyewe, utahisi uchungu umepungua na tunda limechangamka. Onja kabla ya barafu. Ikikufinya, punguza ndimu hadi 10 au pandisha shira hadi 30. Ikilala mdomoni bila kukuamsha, pandisha ndimu hadi 20. Katika hatua hii iwe tamu kidogo kupita unavyoitaka mwishoni, maana ulimi hausikii utamu vizuri kinywaji kikiwa baridi, na bado kuna maji ya barafu yanayokuja.

Cha kutikisia, chupa pana ya jamu yenye kifuniko kinachokaza inatosha kabisa. Ijaze barafu hadi juu. Vipande viwili vitatu huyeyuka upesi na kukuachia kinywaji cha maji maji ambacho hata baridi hakina, lakini barafu nyingi hupoza haraka na kuyeyuka polepole. Shika chupa kwa kitambaa, tikisa kwa nguvu huku ukihesabu hadi 15. Maji yatakayoingia ni karibu robo ya ujazo, na hayo ndiyo yanayolainisha ule ukali uliokuchoma. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya, si ile uliyotikisia.

Kuhusu barafu nitasema zaidi, kwa sababu nimeona kokteli nzuri ikiharibiwa nayo. Gandisha maji yaliyochemshwa au ya kunywa ya dukani, usitumie ya mfereji au ya boza moja kwa moja. Na funika trei. Barafu hunasa harufu ya chochote kilichomo kwenye friza, na katika friza zetu kuna samaki, kuna nyama, kuna kitunguu saumu kilichosagwa. Ukigandisha Alhamisi ukaifunga kwenye mfuko safi, Jumamosi huna shida.

Tukija kwenye jini yenyewe, nunua duka lenye leseni na uangalie stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, kwenye chupa iwe nzima. Nchi hii imezika watu kwa sababu ya pombe iliyotiwa methanoli, na methanoli huwezi kuijua kwa kuonja. Chupa ya bei ya kushangaza iache hapo hapo.

Bei ya juu si lazima kwa kokteli ya matunda. Unachohitaji ni jini kavu ya kawaida isiyotiwa ladha ya tunda jingine. Zile za rangi ya waridi zenye ladha ya stroberi zitakuvuruga. Jini hupata tabia yake kwenye vitunda vidogo vya mti wa mreteni (juniper), na mara nyingi huwa na dania kavu na maganda ya limau ndani yake, ndiyo sababu inapatana na ndimu kuliko pombe nyingine zote ninazozijua. Jambo linalonifurahisha ni kwamba sisi pia tuna mreteni wetu: mtarakwa, ule mti wa Aberdare na Mlima Kenya ambao watu wa bara wanaujua kwa nguzo za ua zisizooza. Kuna jini inayotengenezwa hapa Nairobi kwa vitunda vya mti huo, na imechukua jina lake la kisayansi, Procera. Hiyo bei yake ni ya juu. Ukipewa zawadi, inywe na toniki tu bila kuifunika kwa tunda, utasikia msitu mzima kwenye glasi.

Kipimo kile kitabadilika ukibadilisha tunda, na hapo ndipo kuonja kunapokuokoa. Embe lina uchachu mdogo na nyama nzito, kwa hiyo mimi hutia uji wa embe mililita 45, ndimu 25 na shira 10 tu, wakati mwingine hata hiyo naiacha. Embe la apple kutoka Ukambani halina nyuzi nyingi, na ngowe ya Pwani pia, nayo ina harufu ya ajabu. Msimu mkubwa ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, nje ya hapo usijisumbue. Nanasi likitikiswa hutoa povu zuri juu bila ute wa yai. Yale matunda ya damu, mekundu yenye umbo la yai, yamwagie maji ya moto uyamenye kwanza, maana uchungu uko kwenye ngozi, kisha ongeza shira. Ukwaju nao ni mchachu kiasi kwamba ndimu haihitajiki. Stroberi za Limuru niliwahi kuziloweka ndani ya jini kwa wiki mbili nikidhani muda mrefu ndio ladha. Zilipauka kama karatasi na jini ikawa chungu. Siku mbili zinatosha, kwenye friji, bila vile vikonyo vya kijani.

Kwa wageni wanane usitikise glasi moja moja, utakosa kukaa nao. Jumamosi mchana changanya kwenye jagi jini mililita 400, pasheni 240, ndimu 120, shira 200, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, halafu maji baridi ya kunywa mililita 240 badala ya yale ambayo barafu ingetoa. Inafika lita moja na mililita 200. Funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa tatu au zaidi. Ndimu ikamuliwe siku hiyo hiyo, ya jana harufu yake imeshakufa. Wageni wakifika, koroga jagi kwa sababu pasheni hutuama chini, jaza glasi barafu, mimina, weka mbegu kidogo juu. Anayependa kitu chepesi aongezewe soda ya maji isiyo na sukari. Toniki nayo inafaa kwa asiyependa utamu, kwinini iliyomo huleta uchungu mzuri nyuma ya pasheni. Ila usitie vyenye gesi ndani ya jagi, vitapoa na kufa kabla ya glasi ya tatu. Mililita 350 za jini zitakazobaki zinakupa glasi saba za raundi ya pili.

Kama kwenye ua wa estate yenu kuna rosemari, na estate nyingi hapa wameipanda, kata vitawi vidogo, uvioshe, ukipige kila kimoja kiganjani mara moja, kisha ukisimamishe kwenye glasi. Inapatana na jini kuliko nanaa.

Jambo la mwisho ni la usalama nyumbani kwako. Jagi hili litafanana kabisa na juisi. Kwenye ile sherehe ya Umoja, mpwa wangu wa miaka sita alikuwa ameshajimiminia nusu kikombe kabla mama yake hajamwona. Tangu wakati huo natengeneza jagi la pili la pasheni bila jini kwa watoto, kwa wasiokunywa na kwa watakaoendesha gari, nalo naliweka mezani mahali pa wazi. Lile la jini linakaa juu ya kabati, na ninamimina mimi mwenyewe.