Ndege zilipozuiwa, ndege wakabaki

Machi 17, 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, shule zilifungwa nami nikarudi nyumbani Bwiru, Mwanza, na boksi la chaki na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi. Mshahara wa Aprili ulikuja nusu, wa Mei haukuja kabisa. Sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kampala, lakini ukitoka unakwenda wapi? Harusi hakuna, tuisheni hakuna, jirani akikohoa mnaangaliana. Nyumba nzima ilinuka mchaichai na majani ya mkaratusi ya kujifukiza.

Aprili, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Mwanangu wa darasa la tatu akaja mbio kutoka uani: "Mama, si wamesema ndege haziruki? Mbona huyu anaruka?" Alikuwa ananionyesha mwewe juu ya bati. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukabaki tumemkodolea macho yule mwewe. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama mwewe bila kuwaza vifaranga.

Mnaoniuliza mwanzie wapi kutazama ndege, nitawaambia nilivyofanya mimi, pamoja na nilipokosea.

Nilikosea kutafuta ndege wa maana. Akilini nilikuwa na picha za heroe na korongo taji, nikaamini bila nauli ya kwenda hifadhi ya Rubondo hakuna cha kuona. Siku tatu nilizunguka mlimani nikarudi nikisema nimeona kunguru tu. Anza na huyo unayemdharau. Mchukue korongo wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, yule mwenye kipara na kifuko kinachoning'inia shingoni, anayesimama jalalani kama mjumbe anayesubiri posho. Miguu yake imepauka kama iliyopakwa chokaa, na si chokaa. Anajinyea miguuni makusudi. Unyevu ukikauka unampoza na joto. Mwanangu alilisimulia hilo kila nyumba ya mtaa wetu bila kuombwa.

Baada ya hapo, tafuta mahali pamoja ukae hapohapo. Mwanza jiwe la kukalia halikosekani. Langu linatazama ziwa, na nilikuwa nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwarara wakishapita na makelele yao. Dakika kumi za mwanzo huoni kitu, maana wakati huo wewe ndiye unayetazamwa. Kisha pimbi wanachomoza, mijusi inatoka kuota jua, na ndege wanarudi kwenye shughuli zao. Ukihamahama utaishia kuona mikia.

Pale jiweni ndipo nilipompata mdiria, yule mweusi na mweupe. Mnamjua, hukaa kwenye kamba za mitumbwi. Lakini je, umewahi kumtazama akiwinda? Anasimama hewani palepale, mabawa yanapiga kwa kasi na kichwa kimetulia tuli, halafu anajiachia majini kama jiwe. Hesabu mikanda myeusi kifuani: dume anayo miwili, jike mmoja, na mara nyingi umekatika katikati. Kwa hesabu hiyo tu nilitambua kwamba kwenye shimo moja ukingoni walikuwa wanaingiza dagaa ndege watatu, jike mmoja na madume wawili. Nakiri yule mama nilimdhania vibaya. Kumbe kwa midiria madume wasio na wenza husaidia kulea; mara nyingine ni kaka mkubwa wa vifaranga, mara nyingine ni mgeni tu. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Mwaka ule ziwa lilijaa. Mei lilipita hata rekodi ya 1964, na asubuhi moja nikakuta maji yamelifunika lile shimo. Chini yangu mzee mmoja mvuvi alikuwa anahamisha vichanja vya dagaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Leo mbona umenuna?"

Nilimwonyesha. Akatazama maji, akaniambia, "Vifaranga ndiyo basi. Wakubwa watachimba juu zaidi. Hata sisi vichanja hivi tunavihamisha mara ya pili."

Tangu siku hiyo nikaacha kubahatisha, nikawa nawauliza wavuvi. Wao humtazama ndege kwa sababu ya mlo. Wakiona mnandi wamekusanyika mahali wanapiga mbizi, wanajua pana samaki. Akina mama wanaolinda dagaa juani wanajua ni yangeyange yupi mwoga na kunguru yupi hasikii fimbo. Wasalimie, kaa nao, na usiwe na haraka ya kutoa simu kupiga picha.

Darubini si lazima. Mimi nilikopa ya shemeji, na siku ya pili tu jirani akaja mlangoni kuniuliza nachungulia nini bafuni kwake. (Kulikuwa na ndege aitwaye chozi kwenye mpapai ulio nyuma ya bafu. Jaribu wewe kulieleza hilo.) Ukiwa nayo, wape majirani taarifa kwanza. Na ufukweni usitumbukize miguu majini ili umsogelee ndege, kichocho kipo. Penye matete jioni kuna viboko, nao hawajui kwamba umekuja kupumzika.

Daftari ni la lazima. Andika tarehe, saa, na alichokuwa anafanya, hata kama jina hulijui. Kuna mmoja wa bustanini kwetu, mweusi mgongoni, tumbo jekundu kama damu, anayeitikiana filimbi na mwenzake. Sisi tunamwita Bwana Harusi. Jina la kitabuni litakuja. Kama hujaandika alichofanya Aprili 22, hilo halirudi tena. Madaftari ya shule yaliyobaki kurasa nyeupe yalinifaa sana. Mkuu wa shule asisome hapa.

Juni 29 shule zikafunguliwa. Niliamka mapema, nikavaa viatu vya kazini, nikapitia jiweni kwanza. Kama urefu wa mkono juu ya usawa wa maji palikuwa na shimo jipya, udongo wake ungali mbichi. Yule dume wa pili alikuwa kwenye ukingo wa mtumbwi, dagaa mdomoni, anasubiri zamu yake ya kuingia. Nami nikasubiri naye. Nilifika paredi nimechelewa dakika ishirini.